Usiinoe Biti Kabla Hujaisoma: Kazi ya Fundi wa Zana Kiwandani

Katika viwanda vyetu vingi, fundi wa zana huchukuliwa kuwa mtunza stoo aliyekabidhiwa grainda. Anagawa biti za kutobolea asubuhi, anazipokea jioni, anazinoa, na katikati ya hayo anajibu maswali ya kwa nini spana fulani haipo ubaoni. Sehemu hiyo ya kazi ipo na siidharau, kwa sababu zana isiyojulikana iko kwa nani haina tofauti na zana isiyonunuliwa. Hata hivyo, kinachomfanya mwajiri amlipe fundi badala ya karani ni jambo jingine: uwezo wa kuitazama zana iliyorudi ikiwa imechakaa na kueleza kilichoichakaza, ili ile itakayotoka kesho isirudi na ugonjwa uleule. Nafanya kazi hii katika karakana ya kiwanda cha vyuma jijini Dar es Salaam, na vijana wanaoletwa kwangu kutoka vyuo vya ufundi vya VETA huwa ninawakataza jambo moja kabla ya mengine yote: wasiiguse grainda kabla hawajaniambia biti imekufa kwa nini.

Wazo la kuwa na mtu maalumu wa kunoa na kutunza zana si la kale sana. Mmarekani Frederick Winslow Taylor, ambaye pamoja na Maunsel White katika kiwanda cha Bethlehem Steel alibuni njia ya kukaza feleji iweze kukata kwa kasi hata ikiwa na joto kali, aliona kwamba kila mkerezaji ananoa zana yake kwa pembe anayoipenda mwenyewe. Alisisitiza zana zinolewe katika chumba kimoja, kwa vipimo vilivyokubaliwa, na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Feleji hiyo ilionyeshwa Paris mwaka 1900, na aina zilizotokana nayo ndizo tunazozikuta hadi leo zikiwa zimegongwa herufi HSS (kifupi cha "High Speed Steel", yaani feleji ya kukata kwa kasi) kwenye shina la biti. Taylor ana mambo mengine aliyoyaleta viwandani ambayo wafanyakazi hawakuyapenda, na sababu wanazo, lakini kwa hili la kunoa sioni wa kumpinga.

Nianze na biti, kwa kuwa ndiyo zana inayofika mezani kwangu mara nyingi kuliko nyingine. Biti ya kawaida ina midomo miwili inayokata, na kati ya midomo hiyo kuna ukingo mfupi ambao kwa hakika haukati, bali unakisukuma na kukisaga chuma kilicho chini yake. Nikiishika kwenye mwanga, kitu cha kwanza ninachotazama ni pembe za nje, pale mdomo unapokutana na ubavu, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayosafiri umbali mrefu zaidi katika kila mzunguko. Pembe hizo zikiwa zimeviringika na kung'aa huku katikati ya ncha pakiwa pazima, biti hiyo ilizungushwa kwa kasi kubwa mno. Midomo ikiwa imemeguka vipande vidogo, ama opareta aliisukuma kwa nguvu kupita kiasi, ama aliyeinoa aliondoa chuma kingi mno nyuma ya makali, yakabaki membamba yasiyo na cha kuyashikilia. Biti iliyopasuka kwa urefu kutoka katikati ya ncha huonyesha mara nyingi kwamba nyuma ya makali hapakuondolewa chuma cha kutosha. Kisigino, yaani sehemu iliyo nyuma ya makali, kilikuwa kinasugua, opareta akaongeza nguvu, na biti ikapasuka.

Kuna alama nyingine ambayo wengi huipuuza, nayo iko kwenye shina. Shina likiwa na mikwaruzo ya mviringo, biti ilikuwa inateleza ndani ya taya za mashine, ama kwa sababu taya zimechakaa, ama kwa sababu hazikukazwa vizuri. Madhara yake hayaishii hapo, kwa kuwa mikwaruzo hiyo ndiyo inayofuta namba ya kipimo. Mtu atakuja kesho, atakadiria kwa macho, na atachukua biti ya milimita 8 akidhani ni ya 8.5. Kisha ataingiza tapu ya M10, zana ya kukatia hesi ambayo huhitaji tundu la 8.5, katika tundu hilo, tapu itabana na kukatikia ndani, na lawama zote zitaelekezwa kwa tapu. Kwa sababu hiyo biti isiyosomeka namba haitoki chumbani kwangu kabla haijapimwa kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, na kuandikwa upya.

Wakati mmoja zilianza kurudi biti za milimita 10 zikiwa na pembe zilizoviringika, zote kutoka mashine moja ya kutobolea, na maneno yaliyosambaa ni kwamba msambazaji ameleta mzigo mbovu. Zilikuwa biti zilezile ambazo mashine ya jirani ilikuwa ikizitumia bila malalamiko. Nilipofungua kifuniko cha juu cha mashine hiyo nilikuta mkanda uko kwenye ngazi ya kasi kubwa kabisa, inayofaa biti ya milimita 3. Mtu alitoboa matundu ya riveti, akamaliza kazi yake, akaondoka bila kurudisha mkanda mahali pake. Kwa chuma laini na biti ya HSS, kasi ya makali inayofaa ni kama mita 25 hadi 30 kwa dakika, na kwa biti ya milimita 10 hiyo ni mizunguko kati ya 800 na 950 hivi kwa dakika. Kwa stenlesi ninashuka hadi chini ya nusu ya hapo, lakini msukumo unabaki imara, kwa sababu stenlesi ikisuguliwa bila kukatwa hujikaza na kuwa ngumu zaidi papo hapo.

Opareta huniuliza kwa nini ninagombana nao kwa kasi iliyozidi kidogo tu. Jibu lilishatolewa na Taylor huyohuyo, aliyechapisha mwaka 1907 kanuni inayohusisha kasi ya kukata na muda ambao zana itadumu. Uhusiano huo si wa moja kwa moja. Kwa zana ya HSS, ambayo kipeo chake katika kanuni hiyo (namba inayoonyesha uhai wa zana unavyoathiriwa na kasi) huchukuliwa kuwa karibu na 0.125, kuongeza kasi kwa asilimia 20 hupunguza uhai wa makali hadi chini ya robo ya ulivyokuwa. Zana ya kabaidi, mchanganyiko mgumu wa tungsteni na kaboni, huvumilia zaidi, lakini nayo kwa ongezeko hilohilo hubaki na takriban nusu. Dakika chache ambazo opareta anadhani amezipata kwa kuharakisha hurudi kulipwa katika kusimamisha mashine, kubadilisha zana na kupanga kazi upya.

Kunoa kwenyewe ni kazi ya macho na subira. Kwa kazi za kawaida ncha hupewa pembe ya nyuzi 118, na kwa vyuma vigumu na stenlesi nyuzi 135. Nyuma ya makali huinamishwa kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Muhimu kuliko namba hizo ni midomo miwili kuwa na urefu sawa na pembe sawa. Mdomo mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, ncha haikai katikati ya biti, na tundu litatoka pana kuliko biti yenyewe. Geji ya pembe inasaidia, lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni kutoboa kipande cha chuma chakavu na kutazama maranda ya chuma yanavyopanda: yakitoka katika mifereji yote miwili kwa unene unaofanana, biti imenoleka, yakitoka mfereji mmoja tu, mdomo mmoja ndio unaofanya kazi na wa pili unasindikiza.

Joto la grainda linahitaji maelezo ya ziada kwa sababu huku mtaani limejaa imani za kila namna. Biti ya feleji ya kaboni huanza kupoteza ugumu wake joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ikibadilika rangi kuwa ya buluu hapo kwenye makali, sehemu hiyo imeharibika na lazima iondolewe. Feleji ya HSS huhimili hadi karibu nyuzi 600, kwa hiyo rangi ya buluu peke yake si kifo. Kinachoiua ni kuipasha joto kali kisha kuitumbukiza ghafla katika maji baridi, jambo linaloacha nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Siku chache baadaye makali yanameguka, na asiyejua historia yake atasema opareta alisukuma kwa nguvu. Ncha ya kabaidi ni nyepesi zaidi kuingia nyufa kwa namna hiyo. Hainolewi kwa jiwe la kijivu la kawaida, bali kwa jiwe la kijani au la almasi, na haichovywi majini kabisa.

Hapo hapo kuna suala la biti bandia, ambazo katika maduka ya Kariakoo na Gerezani zinaweza kulala sanduku moja na biti halisi, zote zikiwa zimegongwa HSS. Ninazipima kwa njia mbili. Ya kwanza ni tupa: ikiteleza juu ya ukingo wa mfereji bila kung'ata, chuma kimekazwa, iking'ata, hicho ni chuma laini kilichopakwa rangi. Tupa isijaribiwe kwenye shina, kwa kuwa hata biti nzuri nyingi huachwa na shina laini makusudi. Njia ya pili ni cheche. Feleji ya kaboni ikigusa jiwe hurusha cheche nyeupe zenye mwanga mkali zinazopasuka na kutawanyika kama baruti za sikukuu, ilhali HSS hutoa mistari mifupi, michache, yenye wekundu uliofifia, isiyo na mipasuko mingi. Ukishaziona zote mbili bega kwa bega hutahitaji kuelezwa tena.

Na kwa kuwa nimelitaja jiwe: nafasi kati ya jiwe na kiegemeo cha zana isizidi milimita 3, jiwe jipya lining'inizwe na kugongwa kwa mpini wa mbao kabla ya kufungwa, lisikike likilia kwa sauti safi, na alumini isisagwe juu yake kwa sababu huziba uso wa jiwe na kulipasha joto. Jiwe lenye ufa likipasuka likiwa linazunguka huua.

Upande wa pili wa kazi yangu ni vipimo, na huku nako kanuni ni ileile ya kusoma kabla ya kurekebisha. Maikromita ya kawaida ina hesi inayosogea milimita 0.5 kwa kila mzunguko na ngoma ya kuzungushia yenye migawanyo 50, ndiyo maana inasoma hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Wengi huifunga, wakaona sifuri imekaa sawa, wakaridhika. Sifuri haitoshi, kwa kuwa hesi huchakaa pale inapotumika zaidi. Maikromita iliyokaa miaka kwenye kazi ya shafti za kipimo kimoja inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kwenye 25, ikakosea katikati. Ninaikagua kwa vipande vya geji, yaani vipande vyenye urefu unaojulikana kwa usahihi mkubwa, vile alivyovibuni Mswidi Carl Edvard Johansson mwishoni mwa karne ya 19, nikichagua vipimo kama 5.1, 10.3, 15.0 na 20.2 ili ngoma isimame mahali tofauti katika mzunguko wake. Vipande vyenyewe navyo hupelekwa katika maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vifaa vya kupimia, kama ile ya Shirika la Viwango Tanzania, vipate cheti. Wakala wa Vipimo, ambao wengi huwachanganya na hao, kazi yao kubwa ni mizani na vipimo vya biashara.

Halafu kuna joto la Dar es Salaam. Tangu mwaka 1931 vipimo vya urefu viwandani vimekubaliwa kurejelewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, hali ambayo karakana yetu haiijui hata usiku. Jambo hili halitishi kama linavyosikika, kwani chuma hupanuka kwa takriban mikromita 11.5 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, na shafti ya chuma ikipimwa kwa maikromita ya chuma, vyote vikiwa na joto moja, makosa hufutana. Tatizo ni papara. Shafti ya milimita 100 iliyotoka mashineni ikiwa na nyuzi 45, ikapimwa kwa maikromita iliyokuwa mezani kwenye nyuzi 30, itasoma zaidi kwa takriban mikromita 17. Kwa kiti cha beringi chenye kiwango cha k6, alama inayotaja ukubwa wa shafti unaokubalika, nafasi yote inayoruhusiwa kwa ukubwa huo ni mikromita 22. Mkerezaji anakata hadi kipimo kionekane sawa, shafti inapoa, na asubuhi beringi inaingia kwa mkono bila kubisha. Kabla ya kuishuku maikromita, basi, ninauliza shafti ilipimwa saa ngapi baada ya kutoka mashineni. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kwake hata kusubiri hakumalizi deni lote. Tofauti iliyobaki lazima ikokotolewe.

Spana ya toku, ile inayobofya ikifikia nguvu ya kukaza iliyopangwa, nitaipitia kwa haraka. Irudishwe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake baada ya kazi ili springi ipumzike, isitumike kulegeza nati, na ishikwe kwenye mpini. Utaratibu wa kimataifa unaelekeza ikaguliwe kila miezi 12 au baada ya kukaza mara 5,000, lipi litangulie. Ikumbukwe pia kwamba takriban sehemu 9 kati ya 10 za nguvu ya kukaza humezwa na msuguano. Bolti ikipakwa grisi wakati jedwali la nguvu za kukaza liliandikwa kwa bolti kavu, spana itabofya kwenye namba sahihi huku bolti ikivutwa kupita uwezo wake. Bolti ikikatika baada ya hapo, ninaitazama kwanza hesi yake kama ina mafuta, ndipo niichukue spana.

Kinachobaki ni zana zisizotengenezeka. Biti fupi iliyofika mwisho wa mifereji yake inaingia kwenye pipa la chakavu na hakuna ubishi. Vipimo ni shida zaidi, kwa sababu maikromita iliyokataliwa bado inapendeza machoni na huwa ina rafiki mahali fulani kiwandani anayeamini kwamba kwa kazi zake inatosha. Nikiiandika kwenye daftari kuwa imeondolewa na kuiacha kwenye droo, baada ya wiki kadhaa nitaikuta juu ya mashine. Kwa hiyo ninaifunga kwenye jiliwa, ninaikata fremu yake kwa msumeno, na ninaandika namba yake, tarehe na sababu katika daftari, mbele ya yule aliyeileta.