Namba za sehemu hazijazi mstari wote
Katika makundi ya simu ya wanafunzi hapa Bukavu, ujumbe unazunguka kwamba sehemu zote zikichorwa zinajaza mstari wa namba, kwa kuwa kati ya mbili daima kuna nyingine. Sababu hiyo ni kweli: kati ya 1/2 na 2/3 kuna 7/12. Lakini mstari haujai.

Chora mraba wa upande 1, pima ulalo kwa bikari, uuhamishe kuanzia 0. Utaangukia √2, namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 2. Ingekuwa sehemu p/q ya namba nzima, iliyorahisishwa kabisa, p² = 2q²; basi p na q zote zingegawanyika kwa 2, jambo lisilowezekana kwa sehemu iliyokwisha kurahisishwa. Hivyo √2 si sehemu, na mahali pake hubaki wazi.

Mchoro huonekana umejaa kwa sababu nukta ya kalamu ina upana, inafunika √2 pamoja na jirani zake. Kikokotoo nacho huikatia √2 kwenye 1,414213562, ikaonekana kama sehemu. Wazazi na walimu, tafadhali msiusambaze tena ujumbe huo, watoto wanaubeba hadi kwenye mtihani.