Kilo si Kilo: Wanayokosea Watu Kuhusu Bondo la Sangara

Juzi asubuhi, kabla sijafungua hata daftari, kijana mmoja alishuka kwenye boti ya kutoka visiwani akanifuata mezani na kiroba mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea nini?"

Akakimimina chote. Mabondo, ile mifuko ya hewa iliyo ndani ya sangara wa Ziwa Victoria, madogo madogo, mengine hayafiki kiganja cha mtoto. Rafiki yake wa Mwanza mjini alikuwa amempigia simu akamtajia bei ya kilo, naye akakusanya siku baada ya siku mpaka mzani ukasoma kilo. Nilipomtajia bei yangu alikunja uso kama mtu aliyeibiwa. "Mama, kwani kilo si kilo?"

Nimekaa kwenye meza ya kupanga gredi za mabondo miaka 14, na swali hilo nimelijibu kwa wavuvi, kwa wachuuzi, kwa matajiri wenye mitumbwi, hata kwa mwalimu mmoja aliyetaka kuingia kwenye biashara kwa pesa ya kiinua mgongo. Kila mara nalijibu kwa haraka kwa sababu foleni inangoja. Leo nalijibu lote, na mengine ninayoyasikia nitayagusa njiani.

"Kilo ni kilo"

Katika mabondo, kilo haina bei mpaka ujue imetokana na vipande vingapi. Chukua mabondo 20 ya gramu 50 kila moja, ni kilo. Chukua mabondo 5 ya gramu 200, ni kilo. Mzani hautofautishi. Mnunuzi anatofautisha, na kilo ile ya pili anainunua kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya kilo ya kwanza. Ndiyo sababu bondo linapimwa moja moja kwa gramu kabla halijawekwa kwenye fungu. Kila mnunuzi ana ngazi zake za gramu, na bondo likipungukiwa gramu mbili kufikia ngazi ya juu linabaki ngazi ya chini. Kwa hiyo ukisikia mtu anakutajia "bei ya kilo" bila kukutajia gramu za kipande, hajakutajia bei.

Wengi hudhani ngazi hizi ni ujanja wetu sisi tulio katikati. Basi lifuate bondo mpaka linakoliwa. Soko lake kubwa ni Hong Kong na China ya kusini, hasa Guangdong. Huko bondo hulowekwa majini usiku kucha, linavimba, kisha linachemshwa taratibu kwenye supu. Bondo nene likiiva linabaki na umbo, linatafunika. Bondo dogo na jembamba linayeyukia sufuriani, supu inabaki inanata kama uji wa muhogo. Tena huko bondo ni chakula cha heshima: anapelekewa mama aliyejifungua, wanapelekewa wakwe. Hakuna anayempelekea mkwewe mfuko wa vipande. Fundi seremala ananielewa haraka nikimwambia hivi: vipande vya mbao vya futi moja, hata ujaze lori, havitakupa boriti moja ya kuezekea nyumba.

Halafu bondo hukua na samaki mwenyewe. Sangara anaweza kufika kilo 200, lakini wa namna hiyo mvuvi anaweza kuzeeka bila kumwona. Bondo kubwa ni miaka ambayo samaki huyo aliachwa ziwani, akakwepa nyavu, akala, akanenepa. Hiyo miaka ndiyo inayolipiwa. Hakuna namna ya kuijumlisha kutoka kwa watoto wake 20.

Na hapa ndipo dhana hii inaponiuma kuliko zote. Urefu wa chini unaoruhusiwa kwa sangara kwetu ni sentimita 50, na aliye chini ya hapo kwa kawaida hajazaa hata mara moja. Mtu akiamini kwamba kilo ni kilo, hana sababu ya kumwacha mdogo. Atavua wengi wadogo ajazie. Mabondo ya yule kijana niliyahesabu mbele yake, yakapita 40. Samaki zaidi ya 40 waliokufa kabla ya kutaga, kwa pesa isiyonunua hata mafuta ya injini ya kurudi nyumbani. Sikumwambia hivyo ili kumkaripia. Nilimwambia kwa sababu ziwa hili ndilo linalonilisha mimi na yeye, na hesabu hiyo mzani hauioneshi.

Dhana hii ina pacha wake: kukata bondo kubwa vipande viwili ili likauke upesi. Mama mmoja kutoka upande wa Sengerema aliwahi kuniletea bondo ambalo lingekuwa la kwanza mezani wiki ile nzima. Alikuwa amelipasua katikati, kwa nia njema kabisa. Likapimwa kama mawili, likashuka ngazi mbili. Nilimwonesha mzani, tukatazamana, na sikuwa na la kufanya. Kisu kinachotoboa bondo wakati wa kupasua samaki kinafanya kazi hiyo hiyo: tundu dogo linavumilika, mpasuko unashusha gredi. Bondo limelala juu ya tumbo, chini kidogo tu ya uti wa mgongo, kwa hiyo ingia na ncha ya kisu kutoka chini, kisha umalizie kwa vidole. Kijana anayepasua samaki huku akiangalia simu asiguse sangara mkubwa. Nasema hivyo kila siku na nitaendelea kusema.

"Likishakuwa gumu limekauka"

Hii inaifuata ile ya kwanza kwa hasara. Bondo nene likianikwa kwenye jua kali la saa sita, ngozi ya juu inakaza haraka na kuufungia unyevu ndani. Ukiligonga linalia kama ubao, na mwenye nalo anaapa limekauka. Ndani bado ni bichi. Likikaa kwenye gunia wiki mbili linaanza kunuka kutoka katikati.

Kipimo ni tochi. Siongelei kubonyeza kwa dole gumba wala kunusa. Weka tochi nyuma ya bondo na utazame. Lililokauka linapitisha mwanga sawasawa, rangi ya asali nyepesi kutoka ukingo hadi ukingo. Lisilokauka lina doa jeupe zito katikati, kama mboni ya jicho lenye mtoto wa jicho. Wanunuzi wa Hong Kong wanalitafuta doa hilo kabla ya kutazama kitu kingine, na wakilikuta kwenye mabondo matatu ya gunia, gunia zima linashuka bei. Ushauri wangu, na sijaubadili miaka yote: anika juu ya chanja la wavu, mahali penye upepo na kivuli chepesi, ligeuze asubuhi na jioni, usiku liingize ndani. Jua la asubuhi linatosha. Bondo kubwa litachukua siku nyingi, na liache lichukue. Anayenunua tochi ya elfu chache atairudisha pesa yake kwa gunia la kwanza.

Wapo pia wanaoamini kwamba maji ni uzito na uzito ni pesa, kwa hiyo bondo bichi wanaliloweka kabla ya kulileta. Ni kweli linakunywa maji na kuvimba. Ni kolajeni tupu, yaani ile protini ya ngozi na kano, na hiyo ndiyo tabia yake. Lakini linalegea, linateleza, na yeyote aliyeshika mabondo mwezi mmoja anajua kwa vidole. Mimi nikilikuta moja, nakataa mzigo wote, na sioni haya kusema hivyo. Chumvi ni vilevile: inaacha unga mweupe juu na inavuta unyevu hewani hata likiwa limekauka. Kayabo, yaani samaki wa kukaushwa, ndiyo ya kutiwa chumvi, bondo hapana. Kama unaleta bichi, lioshe haraka kwa maji safi, toa utando, mafuta na damu, lifute, litie kwenye mfuko juu ya barafu, ulilete.

"Jeupe ndilo bora"

Bondo lililosafishwa vizuri likikauka huwa na rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na linapokaa linaelekea kwenye dhahabu. Jeupe pee kama karatasi hunitia shaka ya dawa ya kung'arisha. Kinachoshusha bei upande wa rangi ni damu: mshipa ambao haukutolewa siku ya kwanza unakauka na kuwa mstari mweusi, na mstari huo hautoki tena kwa dawa yoyote. Ukilisugua kwa dawa ya kufulia umeharibu na lile lililobaki.

Siku hizi naulizwa sana habari za dume na jike. Kijana anakuja na bondo, anasema, "Hili la dume mama, liwekee bei yake." Neno hilo lipo kweli kwenye soko la China: wanaita dume lile nene lenye nyuzi zilizonyooka, linalostahimili moto, na wanaita jike lile jembamba lenye mawimbi, linaloyeyuka. Wanapanga kwa unene na mistari. Nyuma ya meza yangu hakuna anayempima samaki jinsia. Tena kwa sangara jina hilo linapotosha zaidi, maana wale wakubwa sana, wenye mabondo tunayoyagombania, wengi wao ni majike. Acha kuulizia jinsia ya samaki aliyekwisha kuliwa. Leta bondo nene.

Kisha kuna video. Bondo moja linaoneshwa likiuzwa kwa bei ya gari, na siku ya pili meza yangu inajaa watu wanaodai kudhulumiwa. Yale si mabondo ya sangara. Lile linalotajwa sana ni la totoaba, samaki wa Ghuba ya California huko Mexico. Kumvua kumepigwa marufuku tangu 1975, na biashara ya kimataifa ya bondo lake imezuiwa. Bei ile ni ya magendo. Nyavu zinazotegwa kwa ajili yake zimemnasa na kumuua vaquita, nyangumi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani, mpaka wamebaki chini ya 20. Sangara wetu anauzwa kihalali, na kwenye maduka ya Hong Kong anakaa rafu ya watu wa kawaida. Ni bei nzuri, imesomesha watoto wengi Ukerewe na Musoma, lakini si ya gari. Mabondo ya sato nayo usiniletee. Ni membamba kama karatasi ya sigara. Usiyaanike.

"Yanatengenezwa nyuzi za kushonea wagonjwa"

Hili nalisikia Mwanza, nalisikia kwa Wakenya wanaomwita sangara mbuta, nalisikia kwa Waganda wanaomwita mputa. Naelewa lilikotoka. Sangara mwenyewe aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatapakaa kwenye miaka ya 1980. Wapo wazee wanaokumbuka bondo likitupwa pamoja na matumbo. Kitu kilichokuwa kikitupwa kikianza ghafla kugombaniwa, watu watatafuta sababu kubwa inayolingana na bei, na hospitali ni sababu kubwa. Lakini nyuzi za zamani zinazoyeyuka mwilini zilitoka kwenye matumbo ya kondoo na ng'ombe, na za sasa nyingi hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Bondo linaliwa. Matumizi mengine ya kweli ni kusafisha bia na mvinyo ili vionekane angavu, na hata huko yanapungua. Guinness walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaacha.

Na kwa wanaoniomba vipande kama dawa ya magoti na ngozi: ni protini, ipike na ule kwa afya. Tumboni inamegwa kama protini nyingine, tena kolajeni peke yake haijakamilika, haina triptofani, kiini kimoja cha protini ambacho mwili lazima ukipate kwenye chakula. Maharage na dagaa vinakufaa zaidi kwa pesa hiyo.

La mwisho ni la kuficha mzigo. Watu wamesikia kwamba bondo la zamani lina thamani kuliko jipya, na ni kweli, huko Hong Kong yapo yanayotunzwa miaka mingi, yamekuwa ya dhahabu, hayana harufu ya samaki tena. Lakini yametunzwa na watu wenye maghala makavu na mtu wa kuyakagua. Huku kwetu mtu anafunga gunia, analisukuma chini ya kitanda, anangoja bei ipande. Masika yanapita juu yake. Akilifungua anakuta ukungu, au vumbi la kahawia na matundu, kazi ya wale wadudu wadogo weusi wanaokula samaki wakavu. Kama huna budi kuhifadhi, pitisha tochi kwa kila bondo kwanza, yaweke kwenye chombo kinachofunga kabisa, mbali na sakafu, na yaanike upya kila baada ya wiki chache wakati wa mvua. Ukiona tundu moja tu, fungua mzigo wote siku hiyo hiyo, usingoje kesho.