Naskani Zote, Narusha Chache

Kila nikiweka jalada la gazeti la zamani la katuni kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, haipiti saa moja mtu ameshaniandikia: "Kaka, acha uchoyo, tupia toleo zima." Wiki iliyopita mmoja alinitajia kabisa kisa anachokitaka, cha Lodi Lofa, mhusika wa gazeti la katuni la Sani, alichokisoma kwa kinyozi akisubiri zamu yake. Mwaka wenyewe haukumbuki. Anachokumbuka ni kwamba aliitwa akae kitini kabla hajafika mwisho.

Namwelewa. Kazi yangu ni kutunza nyaraka: mchana naskani magazeti ya watu, usiku naskani ya kwangu. Ya kwangu nilirithi kwa mjomba, Tanga, ndani ya sanduku la bati kama lile la kwenda nalo bweni. Yamo matoleo ya Sani, yamo ya Kingo ya James Gayo, yamo na mengine yaliyotoka mara mbili tatu yakafa, hata jina la mchapishaji halisomeki. Kwa hiyo jibu langu ni lile lile kwa kila anayeuliza: naskani zote, narusha chache.

Kuskani sina mjadala nako. Katuni zetu nyingi zilipigwa chapa kwenye karatasi ya gazeti, karatasi ya bei rahisi ambayo ndani bado ina lignini, ile gundi ya asili ya mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano, kisha kahawia, na tindikali inayotokea humo ndiyo inayoikausha karatasi mpaka ikikunjwa inavunjika kama chapati ya juzi. Ongeza joto la pwani, unyevu, na pini za stepla zinazoshika kutu na kuila karatasi katikati, palepale mkunjo ulipo. Toleo la miaka ya 80 unaloweza kulifungua leo, miaka kumi ijayo huenda ukalizoa kwa ufagio.

Sasa namna yenyewe. Usilikandamize gazeti kwenye kioo cha skana kama unapiga pasi; mgongo utaachia. Lifungue kadiri linavyokubali, ukurasa mmoja mmoja. Nyuma ya ukurasa weka kadibodi nyeusi. Hili ndilo watu wengi hawalijui: karatasi hiyo ni nyembamba, na ukiacha ukurasa mweupe nyuma yake, michoro ya upande wa pili inajitokeza kama mzimu katikati ya uso wa mhusika. Nyeusi inauzima mzimu huo. Picha itatoka na kivuli kidogo, lakini kivuli kinarekebishika.

Mimi naskani kwa nukta 600 kwa inchi. Rangi za magazeti yale zilichapwa kwa vidoti, na ukiskani kwa nukta chache, vidoti vya chapa na vya skana vinagongana, unapata mawimbi mawimbi kwenye kila shati lenye rangi. Gharama yake ni nafasi: ukurasa mmoja wa A4 kwa kiwango hicho, bila kubanwa, unakaribia MB 100, na toleo la kurasa 32 linapita GB 3. Nakala hiyo mama siigusi, sifuti doa la chai wala njano. Kama kuna kusafisha, nasafisha kwenye nakala ndogo. Asiye na skana atumie simu, ila mwanga utoke pande mbili, na flashi azime.

Tatizo linaanzia kwenye kurusha.

Ukinunua kanga umenunua kitambaa. Uvae, uigawie wifi yako, uikate iwe nepi, hakuna wa kukuuliza. Lakini hukununua ruhusa ya kwenda kiwandani kuchapa doti elfu za muundo ule ule. Gazeti la katuni ni hivyo hivyo. Karatasi ni yangu. Mchoro si wangu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo kazi inalindwa maisha yote ya aliyeitunga na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya nako ni miaka 50. Mchoraji aliyefariki mwaka 1990, kazi yake inalindwa hadi 2040. Na wako wachoraji wetu ambao, alhamdulillahi, bado wako hai.

Kunakili kwa matumizi yako binafsi sheria inakuruhusu. Kunukuu kipande ili ukizungumzie, ukataja jina la aliyechora na kilikotoka, nako ni ruhusa. Ndiyo maana jalada na kipande cha kisa kimoja nawawekea bila wasiwasi, kwa picha ndogo, na maelezo yangu chini yake. Toleo zima kwenye kundi la WhatsApp la watu mia tano si matumizi binafsi, hata kama wote ni ndugu zako.

Kuna wanaonijibu: mbona Wamarekani wanaweka katuni nzima nzima mtandaoni? Ni kweli, lakini si kwa ukarimu. Kwa sheria yao ya zamani, kitabu kilichochapishwa kabla ya 1964 kilipaswa kuandikishwa upya kikifika mwaka wa 28. Wachapishaji wengi wa katuni walikuwa wameshafunga duka au hawakujali, haki zikaisha. Sisi hatujawahi kuwa na mlango wa aina hiyo. Gazeti kufa si haki kufa.

Na haki zenyewe ni za nani? Hapa ndipo kichwa kinauma. Mhusika kama Ndumilakuwili amepita kwenye mikono zaidi ya mmoja. Kuna aliyechora, kuna aliyetunga kisa, kuna mwenye gazeti aliyelipa, na mkataba, kama ulikuwepo, ulikuwa wa mdomo. Kwa Juha Kalulu wa Taifa Leo, gazeti la Kenya, mambo ni mepesi kidogo, kila mtu anajua ni mkono wa Edward Gitau. Kwa mengi ya sandukuni kwangu, ninachokuwa nacho ni sahihi ya herufi mbili kwenye kona ya kisanduku cha mwisho.

Tena kuna ukurasa ambao siurushi hata mchoraji akinipa baraka: ule wa marafiki wa kalamu. Majina kamili, umri, picha ya pasipoti, S.L.P., "anapenda muziki na kubadilishana zawadi". Yule binti wa miaka 17 leo ni bibi wa mtu. Alimwandikia mhariri, hakuiandikia intaneti.

Nimejifunza haya kwa kuumbuka. Miaka kadhaa nyuma nilirusha toleo zima kwenye kundi moja, kwa nia njema kabisa. Baada ya wiki tatu nikaliona linauzwa kwa PDF, sahihi ya mchoraji imefutwa kwa brashi ya simu. Kisha simu ikaita, namba siijui.

"Kijana, wewe ndiye mwenye magazeti yale?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyeyachora."

Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema angependa ningempigia kwanza, basi. Halafu akauliza kama ninayo na yale ya mwaka uliofuata, kwa sababu michoro yake halisi ilibaki ofisini kwa mwenye gazeti, na nakala alizokuwa nazo nyumbani ziliishia kwa mchwa. Hakuwa na hata ukurasa mmoja wa kazi ya ujana wake.

Tangu siku hiyo nakala ya kwanza ya kila ninachoskani inakwenda kwa aliyekichora, au kwa wanawe, kama ninaweza kuwapata. Yule mzee nilimpelekea kwenye flashi mwenyewe, Jumapili, tukakaa barazani na kompyuta yangu mapajani. Alizipitia taratibu. Alipofika ukurasa fulani akasimama, akasogeza miwani. "Huu si mkono wangu. Wiki ile nilikuwa na malaria, akachora mwenzangu. Ona vidole, mimi sichori vidole hivi." Akaendelea hivyo hadi magharibi, huu wangu, huu si wangu.

Niliporudi nyumbani nilibadilisha majina ya mafaili kumi na moja.