Kukosa Usingizi kwa Vijana: Maana Yake Hasa

"Sikupata hata lepe la usingizi." Kijana wa miaka 15 akisema hivyo asubuhi, jibu analopewa nyumbani ni moja tu: lala mapema, acha simu. Jibu hilo wakati mwingine ni sahihi, lakini mara nyingi halimfai, kwa sababu maneno hayo hayo hubeba hali tatu zisizofanana: kunyimwa usingizi, kucheleweshwa na saa ya mwili, na kukosa usingizi kwenyewe.

Kitabibu, aliyekosa usingizi ni mtu mwenye nafasi ya kulala ambaye hata hivyo halali. Kitanda anacho, muda anao, lakini anagaagaa usingizi usije. Au unamjia kisha unakatika usiku wa manane usirudi. Au anaamka alfajiri mno. Na mchana wake unaharibika kwa ajili hiyo: kichwa kizito, hasira za karibu, masomo hayaingii. Yakitokea hayo angalau mara 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, madaktari huyahesabu kuwa tatizo sugu.

Neno la kushika hapo ni nafasi. Mwanafunzi wa bweni anayetoka prepo saa 4 usiku, akafua soksi, akajitupa kitandani saa 5, kisha kengele ikamwinua saa 10 na nusu alfajiri, hakukosa usingizi. Amenyimwa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, naye kapata 5 na nusu. Nimeishi hivyo miaka minne. Niliposinzia kwenye kipindi cha hisabati nilisimamishwa nyuma ya darasa kwa uvivu, nami niliamini kweli ni mvivu. Leo najua hakuna mbinu ya kulala inayoweza kurudisha saa zilizokwisha kuliwa na ratiba. Hapo wa kubadilika ni ratiba, na wazazi wana haki ya kuliuliza hilo kwenye kikao cha shule.

Hali ya pili ni ya saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu kidogo cha chembe hai kinachopima mchana na usiku kwa kufuata mwanga. Giza likiingia, kifungu hicho huamuru homoni iitwayo melatonini imwagwe kwenye damu, na mwili ukaanza kujiandaa kulala. Wakati wa balehe saa hiyo huchelewa, mara nyingi kwa saa 1 hadi 2. Mary Carskadon, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, alipima melatonini katika mate ya vijana na kuonyesha kuwa kuchelewa huku ni kwa mwili wenyewe, si ukaidi. Tena ile njaa ya usingizi inayojilimbikiza tangu tunapoamka hujaa polepole zaidi kwa kijana kuliko kwa mtoto mdogo. Ndiyo maana mdogo wake wa darasa la tatu keshalala fofofo saa 3 usiku, naye macho makavu hadi saa 6. Jimbo la California lililitilia jambo hili uzito: tangu mwaka 2022, sheria inazitaka shule nyingi za sekondari za umma zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi.

Kijana wa hali hii ukimwacha alale na kuamka apendavyo wakati wa likizo, hulala vizuri tu, ila kwa kuchelewa. Wa pwani wanaijua hali hii baada ya Ramadhani: mwezi mzima watu wamekesha hadi daku, kisha shule inafunguliwa na mwili bado uko kwenye saa za daku. Dawa yake ni mwanga wa asubuhi, na kwetu karibu na ikweta jua halipishani sana na saa 12 asubuhi mwaka mzima. Toka nje mapema, nusu saa, hata kama ni kufagia uwanja. Amka saa ile ile kila siku, Jumapili usipitilize zaidi ya saa moja. Usiku punguza taa na weka simu mbali, kwa sababu ya mwanga wake na zaidi kwa sababu ya yale unayoyasoma humo.

Sasa kukosa usingizi kwenyewe. Mara nyingi huanza na kisa: mtihani wa taifa, msiba, ugomvi wa wazazi, mapenzi yaliyovunjika. Kisa hupita, lakini usingizi haurudi, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kinacholibakiza tatizo ni zile juhudi za kufidia: kuingia kitandani saa 2 usiku "niuwahi usingizi," kulala mchana saa tatu nzima, kunywa chai ya rangi jioni ili kusoma. Kafeini ya kikombe hicho huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu. Pole pole ubongo unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika, hata kijana aliyekuwa akisinzia sebuleni anaamka kabisa anapogusa mto.

Ndiyo maana tiba yake huonekana kinyume: punguza muda wa kuwa kitandani. Ingia ukisinzia kweli. Ukiona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, soma kitu kisichosisimua, rudi ukisinzia. Bwenini huna pa kwenda. Keti tu ukingoni mwa kitanda, usiendelee kulala ukipigana na usingizi. Yanayokusumbua yaandike daftarini jioni mapema, pamoja na hatua moja ya kesho.

Usingizi wa mang'amung'amu, ule wa kugeuka-geuka usiozama, una sababu zake pia. Kila mtu huamka kidogo mara kadhaa usiku na kusahau, hilo lisikutishe. Tafuta kwanza mbu, joto na kunguni. Miguu inayokereketa usiku na kulazimisha kuichezesha huweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wasichana wanaopata hedhi nzito, na hupimwa kwa damu. Kukoroma sana huku pumzi ikikatika kunahitaji daktari. Huzuni isiyokwisha kwa wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu mzima leo hii.

Piritoni usizitumie kama dawa ya usingizi. Mwili huzizoea upesi, na asubuhi zinakuacha na uzito ule ule ulioukimbia.

Ukienda hospitali, beba karatasi ya siku 14: saa uliyoingia kitandani, saa unayodhani ulilala, mara ulizoamka, saa uliyoondoka kitandani, na chai au kahawa uliyokunywa. Kwa karatasi hiyo daktari ataona kama umenyimwa, umechelewa, au umekosa.