Kijiji kikigeuka mji: ardhi moja, masjala mbili

Sera ya Taifa ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1995 ilizaa sheria mbili mwaka 1999: Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Kwa mwanasheria, mgawanyo huo una mantiki yake. Sisi wa mifumo ya kompyuta ya kumbukumbu za ardhi ulituachia masjala mbili zisizosomana. Hatimiliki ya mjini iko kwa Msajili wa Hati. Hati ya hakimiliki ya kimila husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ikasajiliwa na afisa ardhi wa wilaya.

Kasheshe iko pembezoni mwa mji. Ardhi ya kijiji ikihamishiwa ardhi ya jumla (ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), shamba la ekari 3 linakatwa viwanja, sehemu inamegwa kwa barabara, na mfumo wa mjini unafungua rekodi mpya. Ile ya kijijini haifungwi, maana imo kwenye daftari, kabatini. Mwenye shamba bado ana hati yake ya kimila, na anaweza kuipeleka SACCOS kama dhamana ilhali kiwanja kimojawapo kimeshauzwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuingiza ramani mpya ya upimaji, kusanya hati zote za kimila za eneo hilo. Kila namba ya zamani ifungamanishwe na namba zote mpya zilizotokana nayo. Rekodi ya zamani isifutwe: iandikwe kuwa imefungwa, tarehe gani, kwa tangazo lipi la serikali. Eneo likiwa la hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia uhamisho, hivyo ambatisha na muhtasari wake. Huu ndio ushahidi wa kwanza kuulizwa mgogoro ukifika barazani.

Halafu kuna koodineti, na hapa wengi huumia. Ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa kukokotoa koodineti. GPS ya mkononi na simu hutoa WGS 84, msingi mwingine unaotumika dunia nzima. Ukizichanganya bila kubadili, mipaka inahama karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu 90 mashariki-magharibi, na programu haitalalamika, kwa sababu tarakimu zinafanana kabisa kwa jicho. Linganisha kona ya jengo la shule na picha ya satelaiti, utajua. Mkoani Dodoma angalia pia kanda ya UTM (mfumo wa koodineti za mita unaoigawa dunia kanda kanda): mji uko kanda ya 36, Kongwa iko ya 37.

Tena, kosa la mita 3 hadi 5 la GPS ya mkononi halidhuru shamba la ekari 10. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 linaingia sebuleni kwa jirani, hivyo mipaka ya kijijini ipimwe upya, isinakiliwe.