Kazi ya kulipwa kwa saa Upwork maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia fulani kapata kazi ya kulipwa kwa saa Upwork, ule mtandao unaokutanisha wateja na watu wanaofanya kazi za kompyuta kwa kujitegemea, wanaona kama kapata ajira, kwamba kila wiki hela ipo tu. Sio hivyo. Fikiria kibarua wa saiti, akiitwa anahesabiwa siku, asipoitwa hana cha kudai, huku tofauti ni kwamba zinahesabiwa saa na anayehesabu ni programu.

Mteja anakupa mkataba wenye bei ya saa mliyokubaliana, alafu anaweka kikomo cha saa kwa wiki, tuseme 20. Hapa ndo wengi wanaumia, manake ile 20 ni kikomo, sio ahadi. Kama bei yako ni dola 6 usikope kodi ya nyumba ukitegemea dola 120, akiwa na kazi ya saa 12 utapata 72, wiki asipokuwa na kazi hupati kitu, na hapo Upwork hawajakata chao. Mwaka 2023 waliweka makato ya asilimia 10 kwa wote, toka 2025 yanaanzia 0 mpaka 15 kutegemea na mkataba, kwa hiyo angalia kabla hujakubali ofa.

Saa zenyewe zinahesabiwa na traka unayoweka kwenye kompyuta, ukiiwasha basi kila dakika 10 inapiga picha moja ya skrini kwa muda usioujua na inarekodi umegusa kibodi na mausi kiasi gani. Inakera, naelewa kabisa, ila hiyo ndo ngao yako, mteja akigoma kulipa zile saa za kwenye traka Upwork wanazilinda ilimradi uliandika ulikuwa unafanya nini na hujapita kikomo. Saa ulizojaza mwenyewe kwa mkono, labda umeme ulikatika ukamalizia kwenye simu, hazina ulinzi huo. Wiki inafungwa Jumapili usiku kwa saa za UTC, kwetu inakuwa Jumatatu saa tisa usiku, alafu mteja anapewa siku za kukagua, hela unaweza kuitoa Jumatano ya wiki inayofuata, yaani kama siku 10 toka wiki ifungwe. Walioko Kenya wanaweza kuitoa moja kwa moja M-Pesa.

Sasa uhakika wa saa unatoka wapi? Unatoka kwa mteja mwenye kazi isiyoisha. Kutengeneza logo inaisha, ila kujibu wateja wa duka la mtandaoni, kutunza vitabu vya hesabu, kupanga ratiba na barua pepe za bosi, hizo kesho zipo tena. Tangazo lenyewe linasema kama ni zaidi au chini ya saa 30 kwa wiki na kazi itachukua miezi mingapi, alafu shuka chini kidogo uone huyo mteja ameshalipa saa ngapi huko nyuma, mwenye saa elfu kadhaa ana watu anaokaa nao, mwenye sifuri bado hajulikani na Connects zako, zile tokeni za Upwork za kuombea kazi, zinakatwa vilevile ukiomba kazi yake.

Na kwenye intavyuu usione aibu, muulize, mtu wa mwisho aliyefanya hii kazi alikuwa anafanya saa ngapi kwa wiki na kwa nini aliondoka?