Mifumo ikisomana, kimya kinamaanisha nini?

Mwanafunzi amesimama dirishani kwa mhasibu, simu mkononi. Meseji ya kulipa ada anayo, mpaka saa na dakika zinaonekana. Mhasibu anageuza skrini amwoneshe: deni liko palepale. "Subiri mfumo usome," anamwambia. Kauli hiyo nimeisikia miaka mingi katika kazi yangu ya kusimamia mifumo chuoni, na ni haki ya mwanafunzi kuuliza: usome nini, kutoka wapi?

Kila ofisi ina mtiririko wake wa kazi. Kwa ada, mwanafunzi anasajiliwa, anaandaliwa ankara, analipa, kisha jina lake linafunguliwa kwa ajili ya mtihani. Zamani hatua zote hizo zilibebwa na karatasi na miguu ya watu. Slipu ya benki ilitembea dirisha hadi dirisha. Siku hizi hatua ya malipo imo ndani ya mfumo wa watu wengine, wenye matengenezo yao na siku zao za kugoma.

Kwa taasisi za umma Tanzania mfumo huo ni GePG, lango la serikali la malipo ya kielektroniki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ule unaotoa kontrol namba (namba ya kulipia ankara) za tarakimu 12 zinazoanza na 99. Wengi hudhani namba hiyo inazaliwa kwenye kompyuta ya mhasibu. Sivyo. Mfumo wa chuo unapeleka ankara GePG ikiwa na kiasi, jina la mlipaji, tarehe ya mwisho ya kulipa na saini ya kidijitali. GePG inajibu kwanza kwamba imepokea. Hapo namba bado haipo. Inakuja kwa ujumbe mwingine, na mfumo wa chuo nao unapaswa kukiri kuipata. Mwanafunzi akienda kulipa kwa benki au kwa simu, mtoa huduma anaiuliza GePG kama namba ipo hai na inadai kiasi gani, anapokea fedha, anatoa taarifa GePG, nayo inakitaarifu chuo. Chuo kinakiri tena. Ujumbe wowote kati ya hizo ukikwama njiani, mwanafunzi wetu anabaki dirishani.

"Nimepokea" si "nimekubali". Ni kama barua iliyogongwa muhuri masjala: muhuri unathibitisha barua imefika, hausemi mkubwa ameisoma. Na kibaya kuliko jibu la kukataa ni kutojibiwa kabisa. Umetuma ombi, sekunde thelathini zimepita, hakuna kitu. Je, halikufika? Au lilifika, likafanyiwa kazi, jibu ndilo lililopotea? Ukiwa upande wako huwezi kutofautisha.

Ofisi moja niliyowahi kuisaidia ilijifunza hili kwa gharama. Karani alibonyeza "tuma", namba haikuja. Akabonyeza tena, na tena. Mtandao ulipotulia zikaja namba tatu za mwanafunzi mmoja. Mzazi akalipa moja, mjomba akalipa nyingine, kila mmoja akijua ameokoa jahazi. Kurudisha fedha iliyokwisha kuingia kwenye akaunti ya umma si kazi ya siku moja, muulize mhasibu yeyote. Lawama alibebeshwa karani, lakini kosa lilikuwa la waliojenga mfumo: kila kubonyeza kulitengeneza ankara mpya yenye utambulisho mpya. Utambulisho wa ankara unatakiwa uzaliwe mara moja, kabla ya kutuma, na kila kurudia kutume uleule, ili upande wa pili utambue ni ombi lilelile. Na kinyume chake pia: taarifa ya malipo ikikufikia mara mbili, iandike mara moja.

Kenya, Daraja ya Safaricom, inayounganisha programu za wafanyabiashara na M-Pesa, inakulazimisha kufikiri juu ya kimya mapema. Unaposajili anwani za mtandaoni za kupokea taarifa za malipo ya wateja, unatakiwa kusema: iwapo M-Pesa inataka kuuliza seva yako ihakiki muamala na seva haipatikani, muamala ukamilishwe au ufutwe? Muuza umeme wa tokeni atataka pengine ufutwe. Mwenye duka atasema acha hela iingie, mengine tutayapanga. Naipenda sehemu hiyo ya usajili kwa sababu jibu lake halimo kwenye msimbo. Limo kwenye biashara yenyewe.

Ndiyo maana nikiitwa kuunganisha mfumo na mwingine, kwanza naomba karatasi na kukaa na watu wa dirishani. Kwenye mchoro wa kazi zao huwa kuna "imelipwa" na "haijalipwa". Naongeza "inasubiri jibu", na kuuliza nani anaitazama hali hiyo, na baada ya muda gani. Hali isiyo na mwenyewe hugeuka kaburi la maombi. Kisha usuluhishi wa hesabu: kila siku mfumo unaomba GePG orodha ya miamala ya jana na kuilinganisha na daftari lake. Kazi hii haina mvuto, na mara nyingi ndiyo inayokatwa bajeti ikibana, ingawa ndiyo inayookota kila taarifa iliyodondoka njiani.

Jambo jingine kwa ufupi: usipeleke nje taarifa ambazo upande wa pili hauhitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahusu hata ankara ya ada.

Swali la nani anaingia mtihani wakati mifumo imenyamaza ni la uongozi wa chuo, si la mtengeneza programu. Kwetu lilipelekwa huko, likajibiwa kwa maandishi: mwenye stakabadhi ya malipo anaingia, jina lake linawekewa alama, na usuluhishi wa siku inayofuata ndio utakaoondoa alama hiyo au kumwita ofisini.